Gari la familia: Dizeli si hoja ya kwanza

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja katika idara yetu aliniwekea mezani picha mbili za magari yaliyokuwa yakitarajiwa kushushwa katika bandari ya Mombasa. La kwanza lilikuwa Mazda Demio ya dizeli yenye injini ya lita 1.5, gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma huinuka pamoja na kioo. La pili lilikuwa Toyota Fielder ya petroli, gari refu la aina tunayoiita steshenwagoni, jina lililozaliwa Marekani wakati magari hayo yalipokuwa yakiwachukua abiria na mizigo yao kutoka stesheni za reli. Mwenzangu ana mke, watoto watatu na mama mzee kijijini. Alitaka jawabu moja tu: anunue lipi?

Yamkini msomaji atauliza mtu wa isimu anajua nini kuhusu injini. Sijui mengi. Aliniuliza kwa kuwa anafahamu yaliyonipata.

Sitaki kuikashifu dizeli bure. Lita moja ya dizeli ina nishati inayozidi ile ya petroli kwa takribani asilimia 10 hadi 15, na injini yake huitumia nishati hiyo kwa uangalifu zaidi. Ndiyo sababu Uingereza ilipoanza, mwaka 2001, kutoza kodi ya magari kulingana na kiasi cha gesi ya kaboni yanachotoa, familia nyingi zilizikimbilia dizeli ndogo, hata ikafika wakati karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya dizeli. Kisha, Septemba 2015, ikafichuka kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yapatayo milioni 11 programu ya kuwahadaa wapimaji wa moshi. Mapenzi yakaanza kupoa.

Mimi nililinunua langu likiwa limetumika huko huko Uingereza, kabla halijavuka ile miaka minane ambayo sheria zetu huruhusu. Sitalitaja jina. Hesabu niliyoifanya ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Tuseme mtu huenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Dizeli ndogo ikienda kilomita 20 kwa lita, atanunua lita 600. Steshenwagoni ya petroli ikienda kilomita 14 kwa lita, atanunua lita 857. Tukichukulia kwamba lita ya mafuta yote mawili ni Sh180, mwenye dizeli ameokoa zaidi kidogo ya Sh46,000. Si haba! Nani angeipinga hesabu hiyo?

Kasoro yake ni kuwa haikuuliza kilomita hizo 12,000 ni za namna gani. Zangu zilikuwa za kutoka nyumbani hadi chuoni, kilomita saba, nusu yake nikiwa nimesimama katika msongamano wa magari. Dizeli za kisasa zina chujio la kunasa masizi ndani ya bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi katika joto la karibu nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likienda kwa mwendo wa kasi isiyokatizwa kwa muda wa kutosha. Gari linaloamka, likatambaa, likalala tena kabla halijapata joto, halipati nafasi hiyo. Masizi hujaa, taa ya manjano huwaka, na nguvu za injini huanza kupungua mlimani.

Aidha kuna suala la mafuta yenyewe. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeteremsha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini gari langu lilizoea sehemu 10 za Ulaya. Fauka ya hayo, wapo wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, uovu uliokithiri hadi serikali ikatoza mafuta ya taa ada ya Sh18 kwa lita mwaka 2018 ili kuuvunja. Pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vyema. Injini kuukuu za dizeli zilivumilia mengi; hizi za sasa hazivumilii.

Fundi wangu alinishauri tuling'oe lile chujio na kuirekebisha kompyuta ili isiulizie habari zake. Nilikubali, nami naandika haya kwa aibu. Gari lilipata nguvu kama ndama aliyefunguliwa. Wiki ya pili, nikiondoka katika lango la shule ya binti yangu, nilitazama kioo cha nyuma nikaona wingu jeusi limewafunika watoto waliokuwa wakivuka barabara. Tangu Juni 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nilikuwa nimeokoa Sh46,000 kwa mapafu ya watoto wa wenyewe. Kulirudisha chujio, jipya, kulizimeza fedha zote nilizookoa na nyingine juu yake.

Sasa tuje kwenye umbo la gari, jambo ambalo wanunuzi wengi huliacha mwisho ilhali ndilo la kila siku. Mamangu alipovunjika nyonga, tulimleta Nairobi kutoka Kitale, mwendo wa takribani kilomita 380. Kiti chake cha magurudumu hakikuingia katika buti. Tulilaza kiti kimoja cha nyuma ili kipate nafasi, na kijana wangu wa kwanza akapanda basi peke yake usiku. Siku ile niliikumbuka Peugeot 504 ya zamani, ile ndefu yenye safu tatu za viti, iliyowasafirisha watu wa Bonde la Ufa na Magharibi pamoja na magunia na kuku wao. (Sisemi turejee kujazana. Nimeona Probox zenye watoto wameketi ndani ya buti bila mikanda, na nafasi kubwa isiwe kisingizio cha hayo.)

Kwa hivyo nilimwambia mwenzangu kuwa hayo ni maswali mawili, si moja. Umbo huamuliwa na watu na mizigo. Mafuta huamuliwa na safari. Mwalimu anayefunza Nairobi na kulala Kisumu kila mwisho wa wiki anaihitaji dizeli, na akiwa na familia kubwa zipo steshenwagoni za dizeli, kama Mazda Atenza ya lita 2.2. Nilimwomba aandike safari zake zote kwa wiki tatu kabla ya kulipa hata shilingi.

Alirudi juzi na daftari. Safari 38 zilikuwa za chini ya kilomita 10, na moja tu ndiyo ya kwenda kwa mamake. Ile Fielder ilikuwa imekwisha kuuzwa, anatafuta nyingine.