Sindano ya Shingoni na UVIKO ya Muda Mrefu

Wengi walioshikwa na UVIKO-19 hupona baada ya wiki chache. Lakini wako ambao homa huwaacha na afya isirudi. Kazi ndogo huwachosha, moyo huwaenda mbio wanaposimama, fikra huwa nzito, na wengine hunusa uvundo penye harufu ya kahawa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya hali hiyo: ni dalili zionekanazo aghalabu miezi 3 tangu ugonjwa kuanza, zidumuzo si chini ya miezi 2, na ambazo hazielezeki kwa maradhi mengine.

Mwaka 2022 Luke Liu na Deborah Duricka wa Alaska, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa wawili wa aina hiyo waliopata nafuu baada ya kuchomwa sindano ya ganzi shingoni. Je, ganzi ya shingo ina uhusiano gani na uchovu wa mwili mzima?

Yeyote aliyewahi kukutana na nyoka njiani anaijua kazi ya neva za simpathetiki. Moyo hudunda, mboni za macho hupanuka, jasho humtoka, naye hakuamuru lolote kati ya hayo. Neva hizo hupitia katika mafundo yaliyopangika kando ya uti wa mgongo. Moja la mafundo hayo, liitwalo fundo la nyota, liko chini ya shingo, karibu na ubavu wa kwanza, na hupitisha ishara ziendazo kichwani, mkononi na moyoni.

Daktari, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, humimina dawa kama bupivakeini karibu na fundo hilo. Dawa huziba njia ambazo ayoni za sodiamu huingilia ndani ya neva, na pasipo ayoni hizo ishara haisafiri. Matokeo huonekana upesi: kope la upande ule hulegea, mboni husinyaa, na mkono hupata joto kwa sababu mishipa ya damu imetanuka.

Hapa pana fumbo. Nguvu ya dawa huisha baada ya saa kadhaa, ilhali nafuu iliyoelezwa ilizidi muda huo. Watafiti hao walidhani kwamba maradhi huziacha neva za simpathetiki katika hadhari isiyokoma, mithili ya mlinzi apigaye king'ora ingawa mwizi amekwisha kuondoka, na kwamba kuzinyamazisha kwa muda huurudisha mwili katika mizani yake. Hiyo ni nadharia, haijathibitishwa.

Wagonjwa wawili hawatoshi kuithibitisha. Dalili za ugonjwa huu hupanda na kushuka zenyewe, na mgonjwa huenda kwa daktari siku zilipopanda. Tena, matumaini peke yake huleta nafuu. Sindano hiyo hiyo imekwisha kujaribiwa kwa watu waliosumbuliwa na kumbukumbu za vitisho. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 halikuona tofauti kati yake na sindano ya bandia. Jingine, la mwaka 2020, lilihusisha askari 113 wa Marekani: waliopata dawa walipungukiwa na dalili kwa alama 12.6, na waliochomwa maji ya chumvi tu kwa alama 6.1. Bila kundi la pili, nafuu yote ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Hatari nazo zipo. Mshipa wa damu uendao kwenye ubongo u karibu; dawa ikiingia humo mgonjwa hupatwa na degedege papo hapo. Pafu nalo laweza kutobolewa. Kwa hiyo kazi hii ni ya mtaalamu mwenye vifaa vya kuokoa maisha.

Mgonjwa aliyelemewa kwa miaka ana haki ya kutumaini, na vilevile ana haki ya kupewa jibu lililopimwa. Kupima huko si rahisi, na darasa linaweza kulijadili swali hili: ikiwa sindano ya kweli huliangusha kope, mgonjwa atafichwaje asijue amepewa ipi?