Tanga Lisiloanuliwa: Utangulizi

Somo la kitabu hiki, majonzi ya mashujaa wa filamu, lilinishika Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, Ijumaa moja, katika chumba cha vijana wanne wa Mombasa wanaofanya kazi ya ulinzi. Kompyuta tuliiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, tukatazama Pumzi, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Ni ya dakika ishirini na kitu tu.

Asha, shujaa wake, anaishi katika mji uliofungwa baada ya vita vya maji. Jasho na mkojo wake huchujwa apate cha kunywa. Akiota, sauti ya mashine humwamuru ameze kidonge cha kuzima ndoto. Hapo kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hebu simamisha." Mama yake alikuwa amefariki. Hitma ya Kisauni aliisikiliza kwenye simu, kisha akavaa sare akaingia zamu. Hajalia tangu siku hiyo, alisema, ila chakula hakina ladha.

Maneno yake yalinikumbusha Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi nafsi, ambaye katika insha yake ya 1917 alitofautisha majonzi na sonona. Mwenye majonzi anajua alichopoteza, na taratibu moyo humwachia marehemu aende. Mwenye sonona humhamishia ndani ya nafsi yake, na lawama alizomwekea yule zikamrudia mwenyewe. Kwetu tungesema tanga lake halijaanuliwa, na sioni istilahi ya kigeni inayolisema hilo vizuri zaidi.

Lakini kwa Asha namfuata zaidi mchanganuzi nafsi Melanie Klein, aliyeandika tangu 1935 kwamba mtoto mchanga huhuzunika anapotambua kuwa mama anayempenda na mama anayemchukia ni mmoja. Katika huzuni hiyo huzaliwa hamu ya kutengeneza alichohisi amekiharibu. Hamu hiyo naiona kwa Asha: mbegu anayoibeba jangwani inaitwa Maitu, yaani mama kwa Kikikuyu. Anaipanda, anaimwagia maji yake ya mwisho, anaikingia jua kwa mwili wake.

Utamkuta pia Matalusa wa Neptune Frost, filamu ya 2021 iliyopigwa Rwanda, ambaye ndugu yake anauawa katika mgodi wa madini ya koltani. Nakusihi usiwapime mashujaa hawa kama wagonjwa. Hawana daktari wala faili. Wasikilize.

Sura ya kwanza inaanzia pale kijana yule aliposimamisha filamu.