Je, Wajua? Kopo la Oili Chini ya Boneti

Biashara Street, kisiwani Mombasa, ni mtaa wa leso. Humo ndimo lilimo duka la Kaderdina Hajee Essak, walio katika biashara hii tangu 1887 na ambao leso zao huchapwa "Mali ya Abdulla". Anayekuja kutafuta doti za harusi au vikoi hakuja kusomea magari. Lakini mtaa wenyewe ni mwembamba, tuktuk zimeshonana, hamali na mkokoteni wake anapiga kelele apishwe, na katikati ya msongamano huo si ajabu kuikuta Subaru yenye turbo ikitambaa, mngurumo wake ukiwafurahisha watoto na kuwaudhi wazee. Mwombe mwenyewe afungue boneti. Ikiwa ni mtu wa kulikamua gari lake, huenda ukaona kando ya betri kikopo cha aluminiamu chenye mipira miwili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Hilo ni kopo la kukingia oili. Hapa mtaani, kwa mwendo wa hamali, halina kazi kubwa. Kazi yake huanza gari likishavuka Makupa kutoka kisiwani na dereva akakandamiza mguu.

Je, wajua kwamba kila injini huvuja kwa ndani, hata ile iliyotoka kiwandani jana? Petroli inapowaka juu ya pistoni, msukumo wote unatakiwa uishie kwenye pistoni. Ringi ndizo zinazoziba, lakini hakuna ringi iliyo duara kamili: kila moja ina mwanya mdogo pale ncha zake zinapokutana, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na sharti kiachiwe nafasi. Kwenye mwanya huo, na pembezoni mwa ringi, gesi kidogo hupenya na kuteremka hadi kwenye krankishafti na sampu, yaani karai la oili. Huko chini hukutana na oili inayorushwa huku na huku, ikabeba matone madogo madogo kama ukungu. Gesi hiyo isipopata pa kutokea, presha itapanda na kuzisukuma sili za oili mpaka zianze kutiririsha. Kwa hiyo injini yoyote ile lazima ipewe pa kupumulia.

Magari ya zamani yalipumulia barabarani. Bomba lilitoka ubavuni mwa injini likaelekea chini, na upepo wa gari linapokwenda ndio uliovuta ile gesi na kuimwaga nje pamoja na oili yake. Ule mstari mweusi uliokuwa ukionekana katikati ya njia, baina ya alama za magurudumu, ulitokana kwa sehemu kubwa na mabomba hayo. Mpango huo ulikuwa na kasoro inayowahusu hasa watu wa mitaa kama huu: gari lisipokuwa na mwendo, hakuna upepo wa kuvuta. Magari ya kusambaza bidhaa mjini, yanayosimama kila mlango, yalikuwa yakijaza tope jeusi ndani ya injini haraka kuliko yale ya safari ndefu.

Suluhisho lilipatikana vitani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vifaru vililazimika kuvuka mito yenye kina kirefu, na bomba lililo wazi chini ya injini lingefyonza maji. Ikabidi lifungwe, na gesi irudishwe ndani ili ivutwe pamoja na hewa na kuchomwa tena. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alionyesha kwamba moshi mzito uliokuwa ukiwatoa machozi watu wa Los Angeles ulizaliwa jua lilipokutana na mabaki ya petroli angani. Pumzi za injini zilikuwa na sehemu yao katika mabaki hayo. Tangu magari ya mwaka 1961, yaliyouzwa mapya California yaliwekewa valvu ya kurudisha pumzi hizo ndani, na kufikia 1963 utaratibu huo ulikuwa umeenea Marekani yote. Leo karibu kila gari la petroli linalopita Digo Road linakula pumzi zake lenyewe.

Na hapo ndipo mwenye gari la kasi anapopatwa na tatizo. Kinachorudishwa ndani si gesi tupu, bali gesi yenye oili. Kwa dereva mpole kiasi chake ni kidogo mno. Kwa anayezungusha injini karibu na kikomo cha mizunguko yake, tena yenye turbo, presha juu ya pistoni ni kubwa zaidi, gesi inayopenya ni nyingi zaidi, na ukungu wa oili unazidi. Turbo inapopuliza, manifoldi ya hewa haivuti tena bali inajaa presha; ile valvu hujifunga, na pumzi hupita mpira wa pili unaoishia mbele ya turbo. Oili inapaka mabapa ya turbo, inatuama ndani ya intakula (kipoza hewa), na kidogo kinaingia kwenye silinda. Oili ikichanganyika na petroli huifanya iwahi kuwaka kabla ya wakati wake. Hapo injini hugonga, na injini yenye turbo ikigonga ikiwa chini ya mzigo mzito inaweza kuvunja pistoni kabla dereva hajapunguza redio akasikiliza.

Je, wajua kwa nini Subaru hasa? Pistoni zake hazisimami wima bali zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, ingawa mngurumo ule hutokana hasa na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Injini ya EJ20, iliyoanza kutumika kwenye Legacy ya mwaka 1989 na kuenea kwenye Impreza na Forester, imepangwa hivyo. Injini ya kawaida ina vichwa vyake juu, na oili hurudi chini kwa uzito wake. Injini iliyolala ina vichwa vyake pembeni, karibu usawa mmoja na krankishafti, kwa hiyo ukikata kona ndefu kwa kasi oili hukimbilia upande wa nje na kuchelewa kurudi. Kama njia za kupumulia zipo upande huo, hazitoi ukungu tena. Zinaweza kutoa oili yenyewe. Anayeendesha Subaru yake kwa adabu hatalijua hili maishani. Anayeipeleka kwenye mashindano ya viwanja vya vumbi atalijua mapema.

Kopo lenyewe ni jambo rahisi. Pumzi huingia kwa mpira mmoja, hulazimishwa kupinda, kugonga kuta na kupita kwenye wavu, matone yanadondoka chini, na gesi iliyopungua oili hutoka kwa mpira wa pili. Ni kama kifuniko cha sufuria ya wali: mvuke ukigusa chuma kisicho na moto hugeuka matone. Kwa sababu hiyo, kulifunga kopo jirani na turbo ni kulifuja. Joto la Mombasa linatosha. Usiliongezee la injini. Mahali pake ni mbele, panapopigwa na upepo.

Soko limejaa makopo yasiyo na kitu ndani. Yana rangi ya zambarau, yana nembo, yana skrubu za kupendeza, lakini ukiyafungua ni bati tupu, na gesi huingia na kutoka bila kuacha hata tone. Wengine hujaribu kuyatengeneza kwa kuyajaza waya wa kusugulia masufuria. Nasema wazi kwamba ni afadhali kutokuwa na kopo kabisa, maana nyuzi za waya huo hukatika na safari yao inayofuata ni ndani ya injini. Mipira nayo ina mambo yake. Mpira wa maji ya bustani ukikaa na oili moto huvimba na kulainika, kisha hujikunja na kuziba njia. Tumeshaona kitakachofuata presha isipopata pa kutokea. Dai mpira uliotengenezwa kuhimili oili, hata kama bei yake inauma.

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikichomwa huzaa takriban lita moja ya maji? Haidroji iliyo kwenye petroli huungana na oksijeni ya hewa. Maji mengi hutoka kama mvuke kwenye ekzosi, lakini sehemu ndogo hupenya penye ringi pamoja na gesi nyingine. Injini inayofanya safari fupi fupi, ya kuwashwa Marikiti na kuzimwa Makadara, haipati muda wa kuyakausha. Mwenye kopo basi hulifungua akakuta ute wa rangi ya maziwa badala ya oili, akashtuka. Mara nyingi ni hayo maji tu. Katika nchi za baridi hali ni mbaya zaidi: maji ya koponi huganda wakati wa baridi kali na kuziba mpira, na wenye magari hulazimika kulimwaga mara kwa mara msimu huo. Mombasa haitaujua msiba huo.

Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya kopo hili si oili linayoizuia, bali habari linayoitoa. Ute wa maziwa koponi pekee si neno. Ute huohuo kwenye kijiti cha kupimia oili, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya kichwa. Harufu kali ya petroli inasema petroli inateremka bila kuwaka. Kopo linalojaa oili nyeusi upesi linasema ama sampu imejazwa kupita kiasi, ama ringi zimechoka. Kwa ringi zilizochoka kopo si dawa. Fundi mwaminifu atapima kompresheni ya kila silinda kabla ya kukuuzia chochote. Na kilichomo koponi kisimwagwe kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro ya kisiwani inaishia baharini. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu taka zinaihesabu oili chafu miongoni mwa taka za hatari.

Habari hizo zina uzito zaidi kwa mnunuzi wa Kenya, kwa sababu magari mengi yanayoshushwa Kilindini ni ya mtumba kutoka Japani. Sheria inataka gari lisizidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, lakini haisemi lolote kuhusu mguu wa aliyelimiliki. Ukienda kuitazama Subaru yenye turbo, omba mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo ulegezwe, upitishe kidole ndani. Utando mwembamba wa oili ni wa kawaida. Oili iliyotuama kama kidimbwi ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, au kwenda kuangalia gari jingine.

Si kwamba gari la mtumba haliwezi kukimbizwa. Mbio za magari za Safari Rally zilianza 1953, na katika miaka ya 1970 njia zake zilifika hadi Mombasa, kutoka Nairobi iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari hadi usawa wa bahari na kurudi. Dereva Mkenya Joginder Singh alipoishinda mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na timu ya Volvo kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Aliishinda tena 1974 na 1976, safari hizo mbili kwa Mitsubishi Lancer.

Na katika mashindano, kopo si hiari ya mtu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinasema gari ambalo injini yake inapumulia nje lazima liwe na chombo cha kukinga oili isimwagike, maana oili njiani humtelezesha anayekuja nyuma. Ujazo umeandikwa: angalau lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyozidi hapo. Chombo hicho sharti kiwe cha plastiki inayopitisha mwanga, au kiwe na kidirisha kinachoonyesha ndani. Makopo mengi ya rangi ya zambarau hayana kidirisha, kwa hiyo mwenye nalo afungue skrubu na kutazama kila anapobadilisha oili, na mara nyingi zaidi kama ametoka uwanjani.