Kuchagua Programu ya Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani

Katika sura iliyopita ulijifunza juu ya virusi vinavyoleta surua, mafua na magonjwa mengine. Uliona kwamba kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Ni lazima kwanza kiingie katika chembe hai ya mwili, kisha kiitumie chembe hiyo kutengeneza virusi vingine vingi. Sasa utajifunza juu ya virusi vya namna nyingine, ambavyo havimo katika mwili wa mtu wala wa mnyama, bali katika kompyuta. Utajifunza pia jinsi familia inavyoweza kuchagua programu ya kuvizuia.

Kirusi cha kompyuta si kiumbe. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kumwambukiza mtoto mafua hata akisinzia juu ya kompyuta. Ni programu, yaani mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata, nayo iliandikwa na mtu kwa makusudi. Kimeitwa kirusi kwa sababu tabia yake inafanana na ya virusi vya magonjwa. Hujificha, na mtu akikifungua bila kujua, huiagiza kompyuta itengeneze nakala zake na kuziweka mahali pengine. Siku hizi watu huita virusi programu zote zenye kudhuru, hata zile zisizojinakili.

Safari ya kirusi

Tuchukue mfano. Familia moja inaishi Uyole, karibu na mji wa Mbeya. Baba ni mweka hazina wa chama cha ushirika cha wakulima wa viazi, naye huandika hesabu za chama katika kompyuta ya nyumbani. Mama huitumia kompyuta hiyo hiyo kutunza picha za jamaa, zikiwamo za babu aliyekwisha fariki. Kaka mkubwa anasoma ualimu mjini Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Kabla ya likizo, kaka alikwenda katika duka moja la stesheneri kuchapisha kazi yake. Flashi yake ilichomekwa katika kompyuta ya duka, ambayo kwa siku moja huchomekwa flashi za watu wengi. Kirusi kikaingia. Asubuhi kaka akapanda basi la Mbeya. Basi likapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na muda wote huo kirusi kilikuwa mfukoni mwake. Alipofika nyumbani, jambo la kwanza alilofanya baada ya kuwaamkia wazazi ni kuichomeka flashi katika kompyuta ili mama aone picha za chuo.

Siku ya pili baba alichomeka flashi yake ya hesabu. Aliziona folda zake zote, lakini kila moja ilikuwa na mshale mdogo pembeni. Alibonyeza folda ya hesabu za mwezi, nayo ikafunguka kama kawaida. Baba hakushuku neno.

Je, mshale ule ulikuwa nini? Vitu vile vyenye mshale havikuwa folda hata kidogo. Vilikuwa njia za mkato, yaani alama ndogo zinazoielekeza kompyuta ikafungue kitu kilicho mahali pengine. Kirusi kilizificha folda halisi, kisha kikaweka badala yake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu akibonyeza, kompyuta hupata maagizo mawili. La kwanza ni kukiendesha kirusi. La pili ni kuifungua folda iliyofichwa, ili mwenyewe aridhike. Ndivyo baba alivyokiendesha kirusi kwa mkono wake mwenyewe, na sasa kila flashi itakayochomekwa katika kompyuta ile itaambukizwa, pamoja na ya katibu wa chama.

Virusi vya namna hii vimewasumbua watu wengi Afrika Mashariki. Yako madhara mengine yanayotokana na kutojua. Wapo wanaodhani kwamba mafaili yao yamepotea, nao huamua kuifuta flashi nzima. Kumbe mafaili yalikuwamo, yamefichwa tu. Yanapotea pale flashi inapofutwa.

Njia hii ya kusafiri si mpya. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kilichoitwa Brain. Hicho huhesabiwa kuwa kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta ndogo za aina ya IBM. Siku hizo hapakuwa na flashi. Kirusi kilisafiri ndani ya diski laini, mkono kwa mkono, mpaka kikafika Marekani na Uingereza. Nchini kwetu kompyuta zilikuwa chache sana wakati ule, maana mwaka 1974 serikali ilikuwa imezuia zisiingizwe ovyo.

Mlinzi na daftari lake

Programu ya kinga ni programu inayokagua mafaili ili kuvitambua virusi na kuvizuia. Mafundi wengi huiita antivairasi. Unaweza kuifananisha na mlinzi wa lango ambaye amepewa daftari lenye picha za wezi wanaojulikana. Kila anayeingia, mlinzi humtazama usoni, kisha hutazama daftari. Katika kompyuta hakuna picha za nyuso, bali ziko alama, yaani vipande vya maagizo vinavyopatikana ndani ya kirusi fulani. Faili ikiwa na alama iliyomo katika daftari, programu huizuia na kuitenga.

Fanya jaribio hili pamoja na wenzako. Hamhitaji kompyuta. Kateni vipande 20 vya karatasi. Katika vipande 15 andikeni sentensi zozote mnazopenda. Katika vitano vilivyobaki andikeni sentensi zenye neno "ndizi", kisha changanyeni vyote. Mwanafunzi mmoja awe mlinzi. Daftari lake lina neno moja tu: "ndizi". Mpeni kipande kimoja kimoja, naye akitenge kila chenye neno hilo. Bila shaka atavikamata vyote vitano. Sasa andikeni upya vipande vile vitano, lakini mahali pa "ndizi" wekeni "mgomba". Mlinzi akaguzwe tena, bila kubadilishiwa daftari. Atakamata vingapi?

Utaona kwamba mlinzi hakuwa mvivu wala mjinga. Daftari lake lilikuwa la zamani. Waandishi wa virusi hufanya hivyo hivyo kila siku, hubadilisha maneno machache ili kirusi cha jana kisitambulike leo. Taasisi ya AV-TEST ya mji wa Magdeburg, Ujerumani, hueleza kwamba huandikisha programu mpya zenye kudhuru au zisizofaa zaidi ya 450,000 kwa siku. Kwa sababu hiyo programu ya kinga ni lazima isasishwe, yaani ipokee habari mpya kwa njia ya intaneti mara kwa mara.

Programu bora hazitegemei daftari peke yake. Hutazama pia mwenendo. Mgeni anayeruka ukuta usiku hustahili kukamatwa hata kama picha yake haimo katika daftari. Vivyo hivyo, programu inayoanza ghafla kuficha folda zote za flashi huzuiwa kwa tendo lake hilo.

Jinsi ya kuchagua

Turudi Uyole. Familia ile ichague programu gani?

Wauzaji wote husema kuwa programu yao ndiyo bora. Mkulima wa mahindi hawezi kuichagua mbegu kwa kusoma maandishi ya mfuko tu. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, watafiti hupanda mbegu za aina mbalimbali katika mashamba ya majaribio na kulinganisha mavuno. Programu za kinga nazo zina mashamba yake ya majaribio. Taasisi ya AV-TEST uliyoisoma hapo juu ni mojawapo, na nyingine ni AV-Comparatives ya mji wa Innsbruck, Austria. Wao huzipima programu za kampuni mbalimbali kwa virusi halisi, kisha hutangaza matokeo. Hawatazami virusi vilivyozuiwa tu. Hutazama pia kama programu inaichosha kompyuta, na kama inapiga kelele za uongo kwa kuyadhania mafaili mema kuwa mabaya. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mlinzi anayepiga filimbi usiku kucha bila sababu mwisho hapuuzwi na majirani tu, hata mwenye nyumba humfukuza.

Kabla ya kununua chochote, familia itazame kilichomo tayari. Kompyuta zenye mfumo wa Windows 10 au Windows 11 huja na programu ya kinga iitwayo Microsoft Defender, ambayo hailipiwi. Kwa familia nyingi inatosha, mradi isizimwe na mradi isasishwe. Familia ikiamua kuweka nyingine, iweke moja tu. Walinzi wawili katika lango moja hugombana. Kila mmoja huweza kuyadhania mafaili ya mwenzake kuwa virusi, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo hulemewa mpaka haiendi.

Hali ya mlango ni muhimu kama mlinzi. Kompyuta nyingi zinazouzwa Mbeya na Iringa zimekwisha tumika kwingine, na baadhi zina mifumo ya zamani. Kampuni ya Microsoft iliacha kuirekebisha Windows 7 kwa watumiaji wa kawaida mwezi Januari 2020, na tarehe 14 Oktoba 2025 ilimaliza muda wa kawaida wa kuirekebisha Windows 10. Matundu yakigunduliwa katika mfumo ulioachwa, hayazibwi. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilianza kuenea, ikafika katika nchi zipatazo 150. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Katika Uingereza wagonjwa wengi waliahirishiwa matibabu kwa sababu kompyuta za hospitali hazikufanya kazi. Kiraka cha kuliziba tundu lile kilikuwa kimekwisha tolewa tangu mwezi Machi mwaka ule ule, lakini wengi hawakukiweka.

Kusasisha kunahitaji bando, na bando ni fedha. Familia isikate tamaa kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza habari zinazopokelewa huwa nyingi, lakini baadaye ni kidogo kidogo. Ni afadhali kompyuta iunganishwe na simu ya baba kila siku kwa muda mfupi kuliko kukaa miezi mitatu bila kuunganishwa.

Vipi programu za bure za kampuni nyingine? Ziko nzuri, lakini inafaa kuuliza kampuni inapata wapi fedha. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba kampuni ya Avast ilikuwa imeuza habari za kurasa za intaneti zilizotembelewa na watumiaji wake, nayo ikatakiwa kulipa dola milioni 16.5. Mlinzi alikuwa akiuza habari za nyumba aliyoilinda. Kibaya zaidi ni programu ya kulipia ambayo kufuli lake limevunjwa, kisha ikauzwa kwa bei ndogo katika flashi. Mara nyingi haisasishwi, na aliyevunja kufuli anaweza kuwa ameweka kirusi ndani yake. Tena, ukiwa katika intaneti ukaona maandishi mekundu yanasema kuwa kompyuta ina virusi kadhaa na kwamba ubonyeze hapo upesi, usibonyeze. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuikagua kompyuta yenu kwa namna hiyo. Mwite mkubwa.

Yapo mambo ambayo hakuna programu ya kinga iyawezayo. Haiwezi kumzuia mtu asitume fedha kwa mwizi aliyemwandikia katika simu "ile hela itume kwenye namba hii". Wala haiwezi kurudisha picha za babu zikiharibika. Kwa hiyo mama awe na nakala ya picha katika diski nyingine, nayo ichomolewe mara baada ya kunakili, maana programu zinazofunga mafaili hufunga pia yale yaliyomo katika diski iliyochomekwa. Kuharibu kwa makusudi habari zilizomo katika kompyuta ya mtu mwingine ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini hukumu ya mahakama hairudishi picha.

Kazi kwa mwalimu na wanafunzi

Kama shuleni kwenu iko kompyuta, mwalimu anaweza kuonyesha jinsi ya kumpima mlinzi kama yu macho. Liko andishi la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi na alama 68 tu. Si kirusi wala halina madhara, ila watengenezaji wa programu za kinga wamekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Mwalimu alihifadhi katika faili, nanyi mtazame programu ya kinga inafanya nini.

Maswali

1. Kirusi cha surua na kirusi cha kompyuta vinafanana kwa jambo gani? Vinatofautiana kwa mambo gani?

2. Katika jaribio la karatasi, mngempa mlinzi agizo gani ili akamate pia vipande vyenye neno "mgomba" bila kuandikiwa neno hilo katika daftari?

3. Kaka anarudi Iringa wiki ijayo na flashi yake. Baba anataka kupeleka hesabu za viazi kwa katibu wa chama siku hiyo hiyo. Andika mambo ambayo familia ile inapaswa kufanya kwanza, na ueleze kwa nini umeyapanga hivyo.

4. Uliza nyumbani au kwa jirani mwenye kompyuta: programu yake ya kinga ilisasishwa lini mara ya mwisho? Leta jibu darasani.