Je, Wajua? Ofisi Ndani ya Futi 10 kwa 10

Je, wajua kwamba mlango wazi unaweza kuyapumzisha macho yako? Wataalamu wa macho hushauri anayetumia kompyuta atazame mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20. Vyumba vingi vya Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, ni futi 10 kwa 10, yaani mita 3 tu. Umbali huo humo ndani haupo. Itabidi utazame nje, hadi kwenye kamba ya nguo za jirani.

Mlango huohuo ndio dirisha la nyumba nyingi za mabati. Anayeupa mgongo humulikwa na skrini yake. Anayeukabili hukunja uso. Afadhali kuketi ubavu.

Shida kubwa zaidi ni meza. Ile ya sebuleni, yenye kitambaa cha kufuma, huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, ilhali ya kuandikia hukaribia 75. Mtu huinama kama anayechagua mchele kwenye ungo. Akihamia kitandani, godoro huzama na kiuno hulalamika. Mafundi seremala wa Barabara ya Ngong, inayopita kati ya mitaa hiyo miwili, hutengeneza meza kwa vipimo vya mteja: wapelekee kimo cha kiwiko chako ukiwa umeketi.

Mwenye laptopu aiinue kwa vitabu hadi usawa wa macho, kisha atumie kibodi ya kando. Miguu haifiki chini? Matofali mawili yanatosha.