SADAKA HAIFUTI DENI

Mwezi wa Septemba, 2017, mjini Toronto, Kanada, Peter Munk, mwanzilishi wa kampuni ya Barrick Gold, pamoja na mkewe, walitoa dola milioni 100 za Kanada kuisaidia hospitali ya moyo iitwayo kwa jina lake. Mwaka huo huo, huku kwetu, mgodi wa Bulyanhulu wilayani Kahama, ulionunuliwa na Barrick mwaka 1999, ulikuwa katika shauri zito. Tangu Machi Serikali ilikuwa imezuia makinikia yasisafirishwe ng'ambo. Na mwezi wa Julai, Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, ikadaiwa kodi na adhabu za dola bilioni 190 za Marekani. Acacia ilikana.

Tuseme kweli. Munk aliacha uenyekiti mwaka 2014, na amekwisha kufariki tangu 2018. Hatudai kuwa fedha za hospitali ile zilichotwa Bulyanhulu. Madai yale nayo yalimalizwa kwa mapatano: Barrick ilikubali dola milioni 300, na mwaka 2020 ikaundwa Twiga, ambamo Taifa lina hisa asilimia 16. Na mgonjwa aliyeponywa Toronto amepona kweli. Hatuna kinyongo naye.

Lakini wako wenzetu wanaouliza: Je, tajiri atoaye sana, asisamehewe namna alivyochuma? Sisi twajibu: La. Sadaka na deni ni vitu viwili mbalimbali. Mtoa sadaka humchagua ampendaye, kwa kiasi apendacho, kisha akashukuriwa. Mdaiwa hachagui, humlipa yule yule anayemdai, wala hapigiwi vigelegele. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kumpa jirani zawadi.

Wala tusimlaumu mgeni peke yake. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitungwa na Bunge letu wenyewe, nayo iliridhika na mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu. Mwaka 2010 ukawa 4. Mwaka 2017 ukawa 6. Aliyelipa 3 sheria ilipotaka 3 hakuiba. Kosa lilikuwa letu pia, tuliotia sahihi tukiwa tumeshikwa na tamaa ya kupata wageni wenye mitaji.

Basi funzo ni nini? Tangu 2017 sheria yamtaka kila mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri ya mahali. Kwa hiyo darasa au zahanati inayojengwa Geita au Msalala chini ya mpango huo si hisani. Ni wajibu. Diwani anayekwenda kulipokea darasa kwa ngoma na shukrani, bila kuuliza gharama yake halisi, anawapunja waliomchagua.

Twawasihi wanachama na wafanyakazi: katika mikutano ya vijiji ulizeni kwanza mrabaha, mishahara, usalama wa wachimbaji na fidia ya mashamba. Hayo yakiwa sawa, zawadi ipokelewe kwa mikono miwili. Na kipimo hiki kisiwe cha Mzungu tu. Matajiri wetu wazalendo, wanaotoa misaada huku vibarua wao hawajalipwa, nao wapimwe kwa mizani hiyo hiyo.