Kilichoandikwa Hakisahauliki

Je, msomaji, baridi ya Tongaren imepungua? Wazee watakuambia zamani ilikuwa kali zaidi. Huenda ni kweli, lakini kumbukumbu hupotoka. Kilichoandikwa siku ile ile hakibadiliki.

Jirani yako Kitale kuna kituo cha hali ya hewa. Kipimajoto hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha upepo. Kila siku huandikwa joto la juu na la chini. Wataalamu hulinganisha wastani wa miaka 30, kwani mwaka mmoja wa baridi hauthibitishi neno.

Yakuhusu nini? Shamba lako. Palipo na baridi mahindi hukawia kukomaa. Penye joto hukomaa upesi. Basi kabla ya kununua mbegu, usitegemee masimulizi pekee. Ulizia takwimu.